Tisheti na fomu siksi (zile tisheti za kola) za kuprinti msimu huu Tabora: ipi uanze nayo, ipi uiache

Msimu wa kuprinti ndo huu, mara Nane Nane pale Ipuli, mara mahafali ya fomu foo, mara kikoba kinataka sare, na kila mtu akifika swali lake la kwanza ni moja shingapi. Mi nakuuliza kwanza, inavaliwa siku moja au mwaka mzima?

Kama ni mwaka mzima, namba moja kwangu ni fomu siksi ya kola, ile ya vitundu vitundu, mchanganyiko wa pamba na polista, gramu 200 hivi, yaani uzito wa kitambaa kwa mita moja ya mraba. Saccos, ofisi, wauza asali wenye banda kwenye maonyesho, chukueni hii hata kama bei imesogea. Haisinyai ovyo, na logo ndogo ya kifuani ukiidarizi badala ya kuiprinti ndo umemaliza kazi. Angalia kola tu, ikunje kwa vidole uiachie, ikilala kama sikio la mbuzi rudisha.

Namba mbili tisheti ya shingo duara, pamba tupu, gramu 180. Kwa jua la Oktoba la hapa kwetu, mtu akikaa kwenye turubai la mahafali na polista atakulaani. Shida ni kwamba mzigo mwingi unashuka kutoka Kariakoo na kila muuzaji atakwambia pamba mia kwa mia, sasa wewe chomoa uzi pindoni uuwashe kiberiti, pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini, polista inayeyuka inabaki kidonge kigumu. Halafu ingiza mkono ndani uinue juani, vidole vikihesabika hiyo siyo 180 hata lebo iseme nini. Na pamba inasinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, so mtu aliye katikati ya L na XL muandikie XL.

Tatu ni polista ya kusablimeti, ya timu na mabonanza. Wino unageuka mvuke kwenye joto la kama digrii 200 unazama kwenye uzi, haubanduki wala haupasuki, ila inataka kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi, pamba haiushiki wino huo. Kuwa makini na polista nyekundu yenye maandishi meupe ya kubandika kwa joto, unaondoka dukani nyeupe safi baada ya siku kadhaa imekuwa pinki, rangi ya kitambaa imepanda juu.

Za mwisho zile nyepesi za gramu 120, za kampeni. Matembezi ya siku moja sawa, zaidi ya hapo ni tambara la kudekia. Bora hela hiyo uwaprintie bodaboda reflekta, jina lako linazunguka mjini kila siku. Kepu nazo poa, darizi tu.

Kwenye kuprinti, rangi moja au mbili na pisi nyingi nenda skrini, ile ya kupitisha wino kwenye wavu, kila rangi inatengenezewa fremu yake ndo maana pisi kumi zinakuwa ghali. Pisi chache zenye picha, DTF, yaani picha inaprintiwa kwenye filamu halafu inabandikwa kwa joto, ila usijaze mgongo mzima, panakuwa kama umevaa nailoni. Kabla ya kulipa hela yote waambie wakutolee moja iliyokamilika, nenda nayo nyumbani ifue, ianike, ivute printi kwa mikono miwili, ikichanika chukua advansi yako mapema.