Uzoefu wangu: tumbaku ya kuziba pengo la McClelland

Mtengenezaji wa tumbaku ya kiko akifunga, wavutaji wengi huuliza papo hapo: ipi inafanana nayo? Mimi naanza na swali jingine: kilichotoweka ni nini hasa? Yaweza kuwa jina, mapishi, kiwanda, au jani lenyewe. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama una kazi ya kutafuta au huna.

Dunhill lilitoweka jina tu. British American Tobacco iliacha kuuza tumbaku ya kiko kwa jina hilo mwaka 2018, lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo makopo yalikuwa yakitengenezwa Denmark. Mwaka 2019 michanganyiko ilirudi madukani kwa jina la Peterson: Early Morning Pipe, Nightcap, My Mixture 965, Elizabethan Mixture. Aliyekuwa akivuta Nightcap anunue Nightcap. Tofauti ninayoionja kati ya kopo la zamani na la sasa ni ya umri, na umri unatibika kwa kungoja.

McClelland, watengenezaji wa tumbaku ya kiko wa Kansas City, Marekani, ni habari nyingine kabisa. Walifunga mwaka 2018, na sababu waliyoieleza ni kwamba majani ya Virginia nyekundu (aina ya tumbaku yenye sukari nyingi) ya daraja walilolitaka yalikuwa hayapatikani tena. Hapo jani lenyewe limekwenda. Hata ungepewa mapishi yao na mitambo yao, bado ungekosa malighafi. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia kitu "kilekile" cha McClelland anakupotosha. Unachoweza kupata ni tumbaku inayokidhi haja ileile, na hiyo ipo.

Kwanza tuelewane ladha ilikuwa ipi. Ukifungua kopo lao la 5100 Red Cake au la Blackwoods Flake unakutana na siki kali, karibu na harufu ya sosi ya nyanya. Ukiwasha, siki inaondoka, na kinachobaki ni utamu wa tende na matunda yaliyochemshwa, moshi mzito usiouma ulimi. Nionavyo mimi, kosa kubwa la wanaotafuta mbadala ni kuifukuza ile siki. Siki iko kwenye kopo, raha iko kwenye moshi. Wapo wanaonyunyizia siki ya jikoni kwenye tumbaku nyingine. Harufu hujaa chupa, lakini ukishawasha inaruka kabla hujamaliza theluthi ya kwanza, na moshi unabaki mkali kooni. Usifanye hivyo.

Kama bado una kiasi kidogo cha ile ya zamani, usiimalize bila kuandika. Vuta mijazo minne ya kiko kwa siku tofauti, uandike mambo haya: harufu ya kopo, ladha ya theluthi ya kwanza, ladha ya mwisho, hali ya ulimi baada ya nusu saa, nguvu ya nikotini, na jinsi inavyoshika moto. Kisha funga gramu 10 kwenye chupa ndogo ya kioo ziwe kipimo chako. Kumbukumbu ya ulimi ni dhaifu; baada ya miezi sita utakuwa unalinganisha na kitu ulichokitunga mwenyewe.

Sasa nilizozijaribu.

Carolina Red Flake ya Cornell & Diehl ndiyo naiweka mbele. Ni Virginia nyekundu ya vipande bapa, yaani majani yameshindiliwa yakawa mkate kisha yakakatwa, na utamu wake unatoka kwenye jani, haukupakwa. Haina siki ya McClelland. Ikiwa changa ina ukali kidogo puani. Ukiiweka miaka miwili au mitatu ukali unatulia na tende zinajitokeza. Hutoka kwa mafungu machache machache, hivyo ukiiona nunua ya kuweka.

Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, kutoka Kendal nchini Uingereza, ni nyeusi zaidi, na utamu wake uko chini, kama zabibu kavu zilizopikwa. Kwa mtu aliyependa Virginia nyeusi za McClelland, hii inamfaa kuliko nyekundu yoyote. Shida yake ni maji: inatoka koponi imelowa. Ifikiche, itandaze kwenye karatasi, uipe dakika 45 hadi 60. Ukiivuta mbichi utaiwasha mara kumi, utavuta kwa nguvu, ulimi utaungua, halafu utasema tumbaku ni mbaya.

Sutliff 515 RC-1 hutajwa sana kama mrithi wa 5100, na kwa harufu ya chupa ndiyo iliyo karibu zaidi kati ya nilizozivuta. Naipenda zaidi kama msingi wa kuchanganyia. Ila mwaka 2024 Scandinavian Tobacco Group ilinunua Mac Baren, na Sutliff ilikuwa chini ya Mac Baren. Tumbaku inayouzwa kwa jumla kama hii huwa rahisi kupunguzwa kampuni zinapoungana. Sijengi matumaini yangu yote juu yake.

Orlik Golden Sliced ni tumbaku nzuri, lakini ni Virginia ya njano: ndimu na nyasi kavu, siyo tende. Wanaoipendekeza hapa wanasoma neno "Virginia" kwenye kopo wakaishia hapo. Virginia zote ni tumbaku ya mvuke, zilizokaushwa banini (nyumba ya kukaushia tumbaku) kwa joto bila moshi kugusa jani, na zote zina sukari nyingi. Mahali jani lilipoota kwenye shina, jinsi lilivyoiva, na muda lililovundikwa ndivyo vinavyotenganisha njano na nyekundu.

Kwa waliokuwa wakivuta St. James Woods, mchanganyiko wa McClelland wa Virginia na periki, mambo ni mepesi, kwa sababu periki bado inatoka St. James Parish, Louisiana, ambako majani hushindiliwa ndani ya mapipa yakavunda kwa mgandamizo. Chukua gramu 9 za Virginia nyekundu na gramu 1 ya periki. Asilimia 10 inatosha kuleta pilipili na matunda yaliyochacha. Ukipita 15 periki inaanza kuzungumza peke yake. Kwa Frog Morton, nyingine ya McClelland, iliyokuwa na latakia laini (tumbaku iliyokaushwa kwa moshi), naanza na gramu 6 za Virginia nyekundu, gramu 2.5 za latakia ya Cyprus na gramu 1.5 za kavendishi nyeusi (tumbaku iliyopikwa kwa mvuke hadi ikawa nyeusi) isiyotiwa ladha. Kavendishi ndiyo inayoleta ule ulaini. Bila hiyo latakia inakuwa kavu na ya moshi mtupu.

Pima kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Vijiko vinadanganya, kwa sababu latakia na Virginia zenye ujazo sawa hazina uzito sawa. Anza na gramu 10 tu kila jaribio, funga kwenye chupa, ngoja wiki tatu kabla ya kuhukumu. Mchanganyiko wa siku moja huonja kila jani kivyake. Ukiridhika, rudia kwa gramu 100 na uwiano uleule. Anayetaka ushikane zaidi aufunge kwenye karatasi ya kuokea, aubane kati ya mbao mbili kwa jiriwa, auache wiki mbili. Majani yawe na unyevu wakati wa kubana, la sivyo utapata vumbi badala ya mkate.

Kulinganisha kwenyewe kuna mitego miwili inayoharibu matokeo ya watu wengi. Wa kwanza ni kiko. Kiko cha mti kilichowahi kubeba latakia kitaitia moshi kila Virginia utakayoweka baadaye. Tumia viko viwili vya gunzi la mahindi vya ukubwa mmoja, kimoja cha latakia, kingine cha Virginia; ni vya bei ndogo na havina ladha ya kung'ang'ania vikishazoea moto. Jaza gramu 1.5 hadi 2, uzito uleule kila mara. Mjazo wa kwanza wa tumbaku mpya usiuhesabu. Toa hukumu baada ya wa tatu.

Mtego wa pili ni umri, na huu unaniuma kila nionapo watu wakitupa tumbaku njema. McClelland walifunga 2018, kwa hiyo hakuna kopo lao lililo changa duniani. Ukiweka kopo hilo kando ya jipya la mwaka huu, unapima muda kabla ya kupima tumbaku. Virginia ina sukari na huendelea kubadilika ndani ya kopo. Ipe mbadala wako miaka mitatu ndipo useme haifiki.

Angalia pia nikotini. Virginia za McClelland zilikuwa za wastani. Mbadala wenye tumbaku nyingi iliyokaushwa kwa moshi au kwa hewa unaweza kukuletea kizunguzungu na kichefuchefu kwa mjazo uleule. Ikitokea, acha kuvuta, kunywa kitu cha sukari, na safari nyingine jaza nusu.

Makopo ya zamani yanayouzwa kwa watu binafsi yana bei ya kutisha, na mimi nayanunua mara chache. Kabla ya kulipa, omba picha ya chini na ya ukingoni: kutu inayotoboa maana yake hewa imeingia. Omba lipimwe uzito dhidi ya kopo jingine la aina hiyohiyo, jepesi limekauka. Ukilitikisa likalia kama majani makavu, bei ishuke. Tumbaku iliyokauka hutiwa bakulini, na bakuli hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa saa chache, bila kugusana. Ukinyunyiza maji moja kwa moja unakaribisha ukungu. Vitu vyeupe vinavyometa kama chumvi juu ya jani havina tatizo. Vyenye manyoya, vinavyonuka kama nguo zilizolala mvua, tupa chupa nzima.

Kuhifadhi: chupa ya kioo ya mililita 500 yenye kifuniko cha mpira inabeba kama gramu 110. Iweke gizani, usiipashe moto ili ijibane, usiifungue mwaka wa kwanza. Mvutaji wa mijazo miwili kwa siku, gramu 2 kila mmoja, anatumia karibu kilo moja na nusu kwa mwaka, yaani makopo 29 ya gramu 50. Ukishapata mbadala unaoupenda, nunua wa mwaka mmoja zaidi ya unaovuta, andika tarehe kwenye kila chupa, na uanze na ya zamani zaidi.