Siku mbili katika kozi ya madereva wenye pointi za adhabu

Nilijiandikisha katika kozi hii leseni yangu ikiwa imeshabeba pointi 9. Makosa yote matatu yalikuwa ya aina moja, yaani mwendo uliozidi kikomo kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, na kila mara nilikamatwa katika barabara niliyoizoea kiasi cha kuacha kutazama vibao vyake. Faini nilikuwa nikizilipa na kuzisahau. Kilichonishtua ni barua iliyonieleza kwamba kosa moja zaidi lingenifungia leseni, na kwamba nikihudhuria kozi na kuimaliza ningepunguziwa sehemu ya pointi hizo. Kituo sitakitaja kwa jina. Ninachotaka kueleza hapa ni kama huduma yenyewe inastahili siku mbili za mtu na ada anayotozwa.

Sehemu bora kuliko zote ilifanyika nje ya darasa, asubuhi ya siku ya kwanza. Mkufunzi alitandaza kamba ya mita 50 uwanjani, akaweka boksi tupu kwenye mita ya 28, akatutaka tusimame mwanzoni mwa kamba na kulitazama kana kwamba ni mtoto aliyeingia barabarani. Alieleza kuwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 1 kuiona hatari na kupeleka mguu kwenye breki, mita 14 zimeshapita, na kwenye lami kavu atahitaji nyingine kama hizo ili gari lisimame, hivyo atasimama palepale kwenye boksi. Kisha akauliza ni nini kitatokea kwa anayekwenda kilomita 70. Wengi wetu tulikisia kwamba atalipita kidogo, labda kwa urefu wa gari moja. Hesabu aliyotufanyia ubaoni ilionyesha kwamba huyo hupita mita 19 kabla breki haijaguswa, na kwamba anapolifikia boksi bado anakwenda karibu kilomita 58 kwa saa. Kitambaa chekundu cha mahali atakaposimama kilikuwa kwenye mita ya 46. Nilitembea kutoka kwenye boksi hadi kwenye kitambaa hicho nikihesabu hatua, zikafika 24, na katika umbali huo wote hakuna aliyezungumza.

Nimeendesha gari kwa miaka mingi, na hakuna faini wala kamera iliyowahi kunieleza jambo hilo. Mkufunzi aliongeza sababu yake kwa lugha rahisi: ukiongeza kasi maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne, kwa hiyo kilomita chache za ziada hazina uchache ambao dereva hujidanganya nao. Alitaja pia makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa asilimia 4 hivi.

Somo la sheria lilikuwa la kawaida, ila lilifundishwa kwa uangalifu. Tulionyeshwa kwamba nchi hazihesabu pointi kwa namna moja. Uingereza huongeza pointi, na dereva anayefikisha 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida hufungiwa leseni kwa miezi 6 au zaidi, ilhali anayefikisha 6 katika miaka 2 ya kwanza tangu apate leseni hufutiwa na kulazimika kufanya mitihani upya. Ufaransa hupunguza: dereva mzoefu huwa na pointi 12, mgeni huanza na 6, na kozi ya siku 2 humrudishia hadi pointi 4, tena si zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ujerumani ukifikisha pointi 8 leseni imekwenda, na kozi ya hiari huondoa pointi 1 tu, mara moja katika miaka 5, kwa sharti kwamba hujavuka pointi 5. Kutokana na mifano hiyo nilielewa kwamba pointi ni kumbukumbu ya tabia. Faini humwadhibu dereva kwa siku moja, lakini pointi huiunganisha siku hiyo na nyingine alizodhani zimesahaulika.

Kasoro kubwa ya kozi inaanzia hapohapo. Darasani tulikuwa watu wa aina mbili tuliochanganywa pamoja. Wengi tulikuwa tumejikusanyia makosa madogo kwa mazoea. Wachache walikuwa wameletwa na kosa moja tu, lakini kubwa mno. Kijana aliyeketi karibu na dirisha alikuwa amepimwa akikimbia kilomita 118 mahali pa 70, na swali pekee aliloliuliza kwa siku zote mbili ni lini angerudishiwa leseni yake. Mimi nilihitaji kuzinduliwa kutoka kwenye mazoea. Yeye alijua vizuri alichokuwa akikifanya, hivyo boksi na kamba havikumgusa. Sheria za nchi nyingi huwatenganisha madereva hawa wawili. Uingereza aliyezidisha mwendo kupita kiasi hapewi nafasi ya kuchagua kozi, bali hupelekwa mahakamani, ambako anaweza kupewa pointi 6 kwa kosa hilo moja au kuzuiwa kuendesha papo hapo. Finland faini ya kosa zito hukadiriwa kulingana na kipato, ili tajiri asiione kama ada ya kununua ruhusa ya kukimbia. Kama sheria imeona tofauti hiyo, darasa nalo lingepaswa kuiona, na nasikitika kwamba kijana yule aliondoka na cheti kilekile nilichopewa mimi bila mtu kukaa naye hata kwa nusu saa.

Filamu za ajali zilizochukua alasiri ya siku ya kwanza sikuziona na faida. Watu waliinamisha macho, na kesho yake hakuna aliyezitaja.

Zoezi la siku ya pili lilikuwa na manufaa zaidi, ingawa lilihitaji karatasi na kalamu tu. Kila mmoja alichora safari yake ya kila siku, akaandika mahali anapozidisha mwendo, sababu ya haraka hiyo, na dakika anazookoa. Katika kipande changu cha kilomita 10, nikienda 60 badala ya 50 naokoa dakika 2, tena iwapo hakuna taa hata moja itakayonisimamisha. Mkufunzi aliniuliza dakika hizo huwa nazitumia kwa kazi gani nikishafika, nikakosa jibu. Karatasi hiyo bado ninayo ndani ya gari.

Kwa dereva ambaye pointi zake zimetokana na mazoea, naipendekeza kozi hii bila kusita, na namshauri aende mapema, kwa kuwa mahali pengi nafasi hiyo hufungwa pointi zikishakaribia kikomo, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua haisubiri mtu. Asome pia masharti ya mahudhurio kabla ya kulipa. Mwenzetu mmoja alichelewa dakika 20 asubuhi ya siku ya pili, akakataliwa kuingia, na pointi zake zote zikabaki palepale.