Thunderbird kwa wanaohamisha barua pepe za miaka mingi: hamia, ila namba za watu zichungeni

Jibu fupi kwa wanaouliza kama Thunderbird, programu ya kusoma na kutuma barua pepe, inafaa ukiwa na mzigo wa barua pepe za zamani ni ndio, tena inafaa sana. Mimi naangalia kompyuta za ofisi ndogo ya kliaringi hapa Dar, na wenzangu wa kazi hii mnajua, invoisi ya mteja ya miaka mitano nyuma inaweza kuulizwa leo saa nne asubuhi na inatakiwa ipatikane saa nne hiyo hiyo.

Programu ni ya bure, toleo lake kamili la kwanza lilitoka 2004, ya watu wa Mozilla wale wale wa Firefox, na inakubali Windows, Mac na Linux. Lakini mimi kilichonivuta ni namna inavyotunza barua. Folda moja inakuwa faili moja la mbox, maandishi ya kawaida kabisa, unalikopi kwenye flashi unaondoka nalo na programu nyingine nyingi zinalisoma. Wakati pst, faili ambalo Outlook ya Microsoft inahifadhia barua, ukiwa huna Outlook ni tabu tupu.

Na kwenye hiyo pst ndio penye kazi. Thunderbird hailifungui faili lenyewe, inataka Outlook iwepo kwenye kompyuta hiyo hiyo ndio ivute barua, kwa hiyo jamani msiuze wala kuformati mashine ya zamani kabla hamjamaliza. Njia ninayoipenda mimi ni kupitia seva: unaweka akaunti ya IMAP (ile ambayo barua zinakaa kwenye seva) ndani ya Outlook, unaburuta folda za zamani unazitupia humo, unaziacha zipande usiku kucha, ukija kufungua akaunti hiyo kwenye Thunderbird unazikuta. Angalia nafasi kwanza lakini, maana Gmail ya bure ni GB 15 tu na humo humo zimo picha zako na mafaili ya Drive.

Halafu bando. Ukishaweka akaunti ya IMAP tu, Thunderbird inaanza kushusha barua zote pamoja na atachimenti zake bila kukuuliza, kama uko kwenye hotspoti ya simu utashangaa bando limeenda wapi. Ingia mapema setingi za akaunti, sehemu ya kusinki, uiambie ishushe za siku 30 za mwisho tu, nyingine zibaki kwenye seva.

Sasa kontakti, hapa ndipo watu wanaumia. Zinatoka kwa CSV (jedwali la maandishi matupu) au vCard (faili la kadi za mawasiliano), na kama una uchaguzi chukua vCard. CSV ukiifungua kwenye Excel kwa kubofya mara mbili, namba inayoanza na 07 inapoteza sifuri, ile ya 255 inageuka 2.56E+11, na ukisave tu namba halisi imeshapotea hapo. Usiifungue kabisa, ipeleke moja kwa moja Thunderbird, itakuonyesha safu moja moja na wewe unailinganisha, jina hapa, simu hapa, imeili hapa. Hapo usikimbie, nenda taratibu, maana simu ya ofisi na ya mkononi zikipishana hutajua mpaka siku unampigia mteja. Zile grupu za kutuma barua kwa watu wengi haziji na CSV, utaziunda upya.

Lawama yangu moja kubwa: ile njia ya Thunderbird ya kujihamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine inatengeneza zip isiyozidi GB 2. Ofisi gani yenye barua za miaka kumi iko chini ya hapo? Inabidi ufunge programu, utafute folda ya profaili na kuikopi yote kwa mkono. Inafanya kazi vizuri tu, barua, majina na setingi vyote vinakuja, lakini mtu wa kawaida hawezi kujua hilo mpaka aambiwe.