Kilo 16.5 za besi: mwaka mmoja na Fender Rumble 500

Kuna ukumbi wa harusi Sinza wenye ngazi 47. Nazijua kwa sababu nilizihesabu Desemba mwaka juzi, mimi nimeshika upande mmoja wa boksi langu la zamani la kupigia gitaa la besi, amplifaya na spika pamoja, mpiga tumba wetu ameshika upande wa pili, anapanda kinyumenyume na kila baada ya hatua tatu ananiambia, "Kaka, tupumzike kidogo." Ukumbi uko ghorofa ya tatu. Lifti ipo, ila siku ile ilikuwa ya maharusi na keki. Tulipofika juu mikono ilikuwa inanitetemeka hadi wimbo wa kwanza nikaupiga kwa kidole kimoja, na hakuna aliyegundua isipokuwa mpiga dramu, ambaye hugundua kila kitu.

Boksi lenyewe lilikuwa la spika moja ya inchi 15, mbao nene, zulia jeusi kwa nje, na ndani transfoma ya chuma ambayo ungeweza kuegemezea lori mlimani. Jirani yangu anauza nafaka, nikalipima kwenye mizani yake: kilo 38 na ushee. Lakini mlio wake, jamani! Ukipiga kamba ya E wazi, ile nene, bila kuibonyeza, unaisikia kwanza kwenye suruali, halafu ndiyo inafika masikioni. Wapiga besi wa dansi mnaelewa ninachosema.

Wiki ile mgongo ukagoma. Nikakaa nyumbani siku tisa, na katika siku hizo nikapiga hesabu ambayo nilikuwa naikwepa. Malipo yangu kwa harusi moja ni shilingi 80,000. Boksi lile halikai kwenye bajaji pamoja na mimi na gitaa, kwa hiyo kila kazi nilikodi kirikuu, kwenda na kurudi 35,000, na usiku wa manane dereva anaongeza. Yaani karibu nusu ya jasho langu lilikuwa linalipia usafiri wa spika.

Hapo ndipo nilipoinunua Fender Rumble 500, amplifaya ya besi yenye spika zake ndani ya boksi moja, mkononi, kwa mwenzangu wa kwaya aliyehamia mkoani. Shilingi 1,350,000. Ina spika mbili za inchi 10, twita (spika ndogo ya sauti za juu) unayoweza kuizima, na uzito wa kilo 16.5. Nimeipandisha kwenye bajaji, gitaa mgongoni, nauli 8,000. Mara moja nimepanda nayo bodaboda, lakini usimwambie mke wangu.

Kabla ya mlio, tuulizane kwanza uzito umekwenda wapi, maana mzee wetu wa bendi alipoinyanyua kwa mkono mmoja alisema, "Hii tupu ndani." Si tupu, mzee. Lile transfoma zito halipo. Umeme unabadilishwa kwa mtindo wa kuwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa sana, ambao hauhitaji bonge la chuma, na wala hauunguzi umeme mwingi kuwa joto. Spika nazo ni nyepesi kuliko zile za zamani. Na boksi lenyewe ni dogo. Hizo mbili za kwanza ni akili tupu ya mafundi, hazinisumbui. Ya tatu ndiyo yenye kesi.

Watu hubishana kuhusu spika, "15 ina besi kuliko 10". Ukipiga hesabu ya eneo, inchi 10 mbili na inchi 15 moja hazipishani sana. Kinachopishana ni hewa iliyomo ndani ya boksi. Kamba ya E wazi ni kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na kwa wenye kamba 5, ile B inashuka hadi hezi 31. Sauti ya chini namna hiyo, ukitaka itoke kubwa, inadai boksi kubwa au wati nyingi mno. Boksi dogo, besi ya chini kabisa, na makelele kwa wati chache: chagua viwili, cha tatu kisahau. Ni maumbile, hakuna duka litakalokupa vyote.

Nilijua hilo kwa kusoma. Nililijua kwa mwili kwenye harusi moja Bunju, uwanjani, chini ya hema. Mitambo iliyokodiwa ilikuwa ya MC na mwimbaji tu. Fundi mitambo aliniangalia nilipomwomba tundu kwenye mikseta, meza yake ya kuchanganyia sauti, kama vile nimemwomba mchango. Basi nikapiga kwa Rumble peke yake dhidi ya dramu, tumba na magitaa mawili. Rumba ya taratibu ilikwenda vizuri. Ilipoingia sebene, solo akapandisha, ridhimu akapandisha, nami nikazungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Hapo amplifaya haikukwaruza wala kuzimika. Ilikonda tu. Mlio ukabaki na kucha na mifupa, nyama ikaondoka. Wazee waliokuwa wanacheza karibu na meza ya keki wakaendelea kucheza kwa kufuata tumba.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa, na hili nawaambia wadogo zangu bure: ukikosa kusikika, usiongeze kitufe cha besi. Kinakula wati zote kwa sauti ambazo boksi dogo haliwezi kuzitoa. Rumble ina vitufe 4 vya kurekebisha mlio, na ule wa kati-chini ndio rafiki yako. Siku hizi besi naiacha saa sita, alama ikitazama juu, au naipunguza kidogo, kati-chini naipeleka hadi saa nane, twita naizima kabisa. Halafu kama hakuna mikseta, boksi linakaa sakafuni, mgongo wake karibu na ukuta, kwenye kona ikiwezekana. Ukuta na sakafu vinakurudishia besi ambayo ungeitafuta kwa wati. Kwenye harusi iliyofuata Bunju kule kule hapakuwa na ukuta, nikaegemeza ubavuni mwa lori la maji. Ilisaidia, msicheke.

Jina la 500 nalo lisikudanganye. Ikiwa peke yake inatoa wati 350. Hizo 500 zinakuja ukiongeza boksi la pili la spika la omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Na kutoka 350 hadi 500 ni kama desibeli moja na nusu tu, hutasikia tofauti kubwa. Kinacholeta tofauti ni zile spika za ziada zinazosukuma hewa.

Lakini kazi zangu nyingi si za Bunju. Ni za hoteli na kumbi zenye mitambo ya maana, na huko Rumble inanifanya nijiulize nilikuwa nabeba nini miaka yote. Nyuma ina tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikseta, pamoja na swichi ya kuondoa ule mvumo wa umeme mbovu, ambao kwenye jenereta zetu ni wimbo wa kudumu. Mitambo inapeleka besi kwa watu 400. Amplifaya yangu inafanya kazi ya kuwahudumia watu wawili, mimi na mpiga dramu. Hapo naipandisha juu ya kreti la soda, naiinamisha inielekee usoni, na nasikia kila noti kwa sauti ndogo. Kwa kuipandisha unapoteza ile besi ya sakafu, ila mitambo imeshakulipa.

Ugomvi huu wa uzito na mlio ni wa zamani kuliko mimi. Ampeg, kampuni ya amplifaya ya Marekani, walitoa B-15 mwaka 1960, spika moja ya inchi 15, na wakaipa jina la Portaflex: ile sehemu ya amplifaya yenye taa (vali) inageuzwa juu chini inaingia ndani ya boksi, unabeba. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, aliitumia kwenye klabu. Studio lakini, alikuwa anachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikseta. Mlio ambao sisi sote tumeukimbiza kwa maboksi haukupita kwenye boksi. Halafu 1969 Ampeg hao hao wakaja na SVT, wati 300, na kabineti ya spika 8 za inchi 10. Nimewahi kuipigia mara moja, Zanzibar, jukwaa kubwa. Sakafu ilikuwa inapumua. Sikuibeba mimi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nimpe mtu ushauri wa kuinunua, nitamuuliza kwanza nani anapeleka besi yake kwa wacheza. Kama ni mitambo, chukua nyepesi, hata isiwe hii; Markbass Little Mark, kichwa cha amplifaya bila spika, ina chini ya kilo 3, ingawa hiyo utatafuta na spika zake. Kama ni wewe peke yako uwanjani kila Jumamosi, na bendi ina kirikuu yake na vijana wa kubeba, baki na inchi 15 yako na usimsikilize mtu. Na ukiagiza kutoka Marekani, soma nyuma kabla hujachomeka, nyingi za huko ni za volti 120 na hapa ukutani ni 230.

La zamani sijaliuza. Liko chumba cha mazoezi Kinondoni, halihami. Kila Jumatano nalichomekea, napiga E wazi mara moja, naangalia suruali.

Jumamosi tunarudi pale Sinza. Mpiga tumba alinipigia jana kuuliza nakwenda na lipi. Nikamwambia dogo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: kama nina mkono mmoja mtupu, nitampandishia tumba moja?