Gari la kunyonya majitaka Lushoto: shimoni wamefanya kazi, mzigo umeishia wapi?

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Lushoto, imekaa chini ya barabara. Hakuna bomba la majitaka linalonifikia. Yanayotoka vyooni na jikoni yote yanaingia kwenye septiki ya vyumba viwili, na maji yaliyotuama yanavuka kwenda shimo la kufyonza. Mwezi wa saba choo cha chumba cha chini kilianza kurudisha, nikaita gari. Jina lao silitaji.

Bei: laki mbili kwa tripu, pamoja na mafuta ya kupanda kutoka Mombo. Si rahisi, ila mwenye kuijua ile barabara na kona zake hatabisha sana. Walifika asubuhi waliyoahidi. Vijana wawili na dereva, wote na mabuti na glavu ndefu, na hakuna aliyewasha sigara karibu na mfuniko. Waliinua mfuniko wakasubiri gesi ya majitaka itoke kabla ya kusogea. Nimewahi kuona wengine wakiinamisha kichwa shimoni kuchungulia, na ile gesi inaua mtu kabla hajaita mwenzake.

Sasa wenye nyumba za mteremkoni mnisikilize. Gari linabaki barabarani, shimo liko chini, kwa hiyo mzigo unavutwa kwenda juu. Pampu ya kunyonya haivuti yenyewe. Ni hewa ya nje inayosukuma maji yaingie kwenye bomba. Pwani hewa hiyo inaweza kupandisha maji kama mita 10 hivi, tena kwa hesabu tu. Huku kwetu, mita 1,400 juu ya bahari, hata 9 hazifiki, na tope zito halifiki hata hapo. Kwangu ni mita nne, ikapita. Pima kwako kabla hujalipa mafuta ya gari.

Baada ya nusu saa dereva akaniambia, “Mama, tumemaliza, shimo kavu.” Nikamwambia asubiri. Nina mti mrefu niliouzungushia taulo jeupe kuukuu. Ukiuzamisha hadi chini na kuupandisha polepole, tope linaacha alama nyeusi kwenye taulo. Alama ilifika gotini kwangu. Walikuwa wamenyonya maji ya juu, tope wameliacha limelala pale pale. Ni mchezo wa zamani: maji yananyonyeka haraka, tope linaziba bomba. Na tope ndilo lililoniletea shida, maana likijaa linavuka chumba cha pili na kuziba shimo la kufyonza, halafu unachimba jipya. Tena baridi ya huku inawapooza bakteria wanaolila tope, kwa hiyo halimeng’enywi haraka kama la septiki ya Tanga mjini.

Sikugombana. Nilimwonyesha taulo. Akacheka, akasema, “Mama umesomea hii kazi,” kisha akarudishia sehemu ya maji kwa nguvu ili tope livurugike, wakanyonya upya. Pamoja nalo wakatoa pedi, vitambaa na bonge la mafuta ya jikoni (hilo nimeshaongea na mpishi). Mara ya pili alama haikufika kifundoni. Yaliyomwagika uani wakayaosha kwa maji ya klorini bila kuambiwa.

Nyota nilizowanyima ni za swali moja. Nilimuuliza dereva anamwaga wapi. “Bondeni huko, mama, usijali.” Bonde lipi? Vijito vya huku vinashuka kwenye bustani za kabichi na karoti, na mboga hizo ndizo ninazonunua sokoni. Mayai ya minyoo yanakaa hai kwenye tope miezi mingi. Moshi wana mabwawa ya Mabogini: majitaka yanapita bwawa moja hadi jingine, uchafu unazama, jua linaua vijidudu, na maji yanayotoka yanaingia mashamba ya mpunga. Mtu anajua mzigo ulikopita. Mimi nimepewa risiti ya pesa tu.

Nyota tatu kati ya tano. Septiki inapumua, choo cha chini hakirudishi tena. Mwakani, kabla ya gari kuwasha injini, nitataka karatasi yenye muhuri wa mahali linapokwenda kushusha. Wasipokuwa nayo nitatafuta wengine, hata kama ni laki tatu.