Kibao cha Thuraya kutoka kwa fundi wa Mikindani

Ukitaka jina la mtoto liandikwe kwa Kiarabu, mpelekee mzee anayechonga vibao barazani kwake Mikindani. Mimi nilianzia stationari moja mjini Mtwara, nikapewa karatasi ambayo kila herufi imesimama peke yake, tena zimepangwa kuanzia kushoto badala ya kulia. Aliyepita chuo cha Kurani hata mwaka mmoja ataona kwamba pale hapana neno. Zawadi ya akika haiwi hivyo.

Mtoto ni wa kaka yangu, jina lake Thuraya. Huku kwetu ukiita Asha au Somoe sokoni watageuka wengi. Thuraya huenda asigeuke mtu. Nilipomtajia mzee, kabla hata ya kuzungumza bei, akaniuliza: "La the au la sini, mwanangu?" Yaani liandikwe kwa herufi ya th au ya s.

Swali lile ndilo lililonifanya nimwamini. Wengi wanaandika Suraya siku hizi. Waajemi wanalitamka Soraya, kama alivyoitwa malkia wa Afghanistan aliyezaliwa Damascus mwaka 1899, na Waturuki wana Süreyya, ambalo kwao hata mwanamume hupewa. Hao lugha zao hazina sauti ya th. Sisi tunasema thamani na thelathini bila shida, kwa nini tuitupe? Ndani ya ile the ndimo ulimo mzizi wa jina: tharwa, utajiri, wingi wa neema. Thuraya ni umbo lake la udogo, na Waarabu wamekipa jina hilo kile kikundi cha nyota tunachokiita kilimia. Wataalamu wao wa lugha wengine husema ni kwa sababu nyota ni nyingi mahali padogo, wengine kwa sababu ya mvua waliyoihusisha na majira yake.

Mzee alifurahi kulieleza hilo, maana kilimia nacho ni cha wakulima. Novemba na Desemba, watu wa huku wakingoja mvua za kwanza, jioni utakiona upande wa mashariki. Akanisomea: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nilikaa pale hadi adhana ya alasiri, na sikujuta.

Kibao chenyewe ni cha mninga. Mpingo anao, lakini bei inapanda sana. Herufi zimeinuka, ukipitisha kidole unazifuata. Nukta tatu za the na mbili za ye ni vichwa vya misumari ya shaba, na shada, ile alama ya kukaza herufi, imekaa mahali pake juu ya ye. Baada ya re kuna mwanya mdogo. Usidhani amekosea, re haiungani na herufi inayoifuata. Wifi yangu amekitundika juu ya kitanda cha mtoto na kila mgeni anauliza kinasomwaje.

Nililipa shilingi 45,000, nusu kabla ya kazi. Mzee hatumi picha kwenye simu, kwa hiyo nenda mwenyewe ukaone mchoro wa kalamu kabla hajaanza kuchonga. Rangi ya vanishi inanuka siku za mwanzo, kianike kivulini kwanza. Na kulabu ya nyuma ni nyembamba kwa uzito ule. Mwambie aweke mbili.