Far Cry 2 kwenye PS3 ya mtumba, uzoefu wangu nikiwa Tanga

Mimi gemu langu ni mpira, ya bunduki nilikuwa nawaachia madogo wa kibandani Makorora. Sasa nimenunua PS3 ya mtumba Ngamiani, jamaa akanitupia na CD ya Far Cry 2, gemu ya bunduki, bure, eti haina mteja. Nimekaa nayo kama miezi miwili, na maksi walizoipa wachambuzi nimezisoma, kuna mahali sikubaliani nao kabisa.

Ni ya zamani, 2008, ya Ubisoft Montreal kule Kanada. Unatumwa kwenye nchi ya Afrika isiyo na jina ukamuue muuza silaha anaitwa Jackal. Hata kazi hujaanza malaria inakudondosha, unazinduka uko kitandani hotelini halafu Jackal mwenyewe kasimama hapo anasoma karatasi zako, yaani uliyekuja kumuua ndo kaja kukujulia hali. Nilicheka, halafu nikakaa vizuri.

Hiyo malaria inakufuata mpaka basi. Uko katikati ya risasi mara macho yanaingia unjano, unabonyeza kitufe, unameza kidonge, umepona, unakimbia. Jamani! Aliyewahi kumeza mseto, vidonge 24 siku 3, anajua siku ya kwanza hata rimoti ikidondoka huiokoti. Ila vidonge vikiisha lazima uwapelekee raia waliojificha hati za kusafiria ndo upewe vingine, hapo nimewapa tano, maana bila ugonjwa wale watu ungewapita tu.

Wachambuzi waliipa kama 85 kwa 100 hivi, wakati BioShock, gemu nyingine ya bunduki ya 2007, ilikula 96. Kilio kikubwa ni vizuizi vya barabarani, unaua walinzi wote, ukizunguka kidogo ukirudi wamejaa tena. Inakera kweli, sie Tanga ni waja leo waondoka leo, hawa hawaondoki. Wengine wakasema watu mle wanaongea mbio kama wanadaiwa, nalo kweli.

Lakini Clint Hocking, ndo aliyeongoza kuitengeneza Far Cry 2, mwaka 2007 aliandika kuikosoa BioShock kwamba mikono inacheza kibinafsi, yaani uchezaji unakutaka ujijali mwenyewe, ila stori inakulazimisha umsaidie mtu, havikai pamoja. Kwenye yake mwenyewe karekebisha, bunduki ya kuokota ina kutu inagoma adui akiwa usoni, moto ukiwasha kwenye nyasi upepo unakurudishia, ukipigwa unajichomoa risasi kwa koleo, stori inasema humu wote ni wachafu na mikono yako inaona hivyohivyo. Hapo sina neno.

Alipoteleza ni watu. Unaendesha gari nusu saa, pundamilia wapo, nyumbu wapo, mama ntilie hamna. Hamna mtoto, hamna genge la nyanya, hamna hata mzee kakaa barazani, raia ni walewale waliofichwa ndani na waliobaki karibu wote wana bunduki. Kwangu hilo kosa linazidi vizuizi kwa mbali, wanapigania nchi ambayo haina hata mtu wa kumwaga maji mlangoni, sasa nimhurumie nani?

Nilimhurumia mmoja tu, mshkaji wangu wa mlemle anayekuja kukuokoa ukidondoka. Kuna siku kapigwa yeye, nikamchoma sindano, nikamchoma tena, kafia mikononi mwangu na wakifa hawarudi. Kwenye PS3 husevu popote unapotaka, mpaka ufike sehemu maalumu kama nyumba za kujificha, basi niko njiani naelekea huko nimenuna, umeme ukakatika mtaa mzima. Ulivyorudi saa 4 usiku nikawasha, gemu imenirudisha nyuma karibu saa nzima, mshkaji yupo hai ananisubiri. Ndo mara ya kwanza maishani nimefurahia umeme kukatika.